Mguu Uliotulia

4 Februari

Fundi wangu,

Salamu zinatoka chumba kile kile na kitanda kile kile, ila sasa kitandani tumejaa na nafasi yako imekwisha. Usinune. Aliyekunyang'anya ni damu yako mwenyewe.

Nimesoma barua yako nikacheka mpaka mama yako akaja mlangoni kuuliza kulikoni. Mtoto shingo haijakaza, wewe unaomba kipimo cha viatu! Baba wengine wangetuma doli. Haya, nani alinituma niolewe na fundi viatu? Nimemlaza kwenye meza ya kupigia pasi, nikaegemeza kipande cha karatasi ngumu kwenye unyayo wake, nikazungusha kalamu. Huo ni wa kushoto. Tazama mstari ulivyonyooka, utadhani umechorwa na mwalimu wa hesabu. Nilianza na wa kulia, akanipiga teke kalamu ikaingia chini ya kabati. Lakini huu wa kushoto aliniachia mkononi kama mtu mzima anayekatwa kucha. Hakutikisika hata kidogo. Sasa niambie, nani mwingine ana mtoto wa namna hii?

Kliniki walipompima uzito, muuguzi alimwita mwenzake aje aone. Mimi nilijifanya natafuta kadi kwenye mkoba ili wapate nafasi ya kumsifu vizuri. Na wale waliokuwa wakiniuliza "Bado?" miaka yote ile, kila nikipita na ndoo, sasa wanakuja mmoja mmoja kuomba kumpakata. Nawaambia nawe mikono kwanza. Yule wa mlango wa bluu nilimrudisha mara mbili, ati sabuni haijatoka povu. Nimengoja sana siku hiyo, unajua.

Ile wiki uliyorudi kazini alitokwa na kijipu nyuma ya shingo. Nikakikanda kwa maji ya moto, kikapasuka, kimekauka. Halafu juzi akapata joto, nikampeleka zahanati. Nilimfunga ile shali nyeupe aliyoifuma dada yangu, na mganga wa pale akasema ni dhambi kuifungua, basi hakuifungua. Akamsikiliza kifua, akamtazama koo, akatupa dawa ya maji. Joto limeshuka. Nakueleza ili usije ukasikia kwa mtu mwingine ukadhani ni jambo.

Dereva wa lori la ngozi yuko hapa nje anapiga honi. Ananiambia akichelewa kufika karakana kwenu, ngozi zitanuka na barua yangu itanuka nazo.

Mimi, mama yake Bwana Mkubwa


13 Februari

Mama Bwana Mkubwa,

Barua imefika, na kweli ilikuwa inanuka, lakini mguu wa mwanangu nimeupokea. Nimeubandika juu ya meza yangu ya kazi, pale ninapotundika kalibu za kuumbia viatu. Hapa tunashona mabuti ya wachimba migodi, kila mguu unaopita mkononi ni mkubwa kama kitanda, kwa hiyo kila mtu amekuja kuushangaa huu. Mwenzangu wa meza, yule tunayemwita Mzee Kisigino, ambaye ameshona viatu tangu mimi sijazaliwa, aliukodolea macho kwa mbali akauliza, "Huo ni mguu au ni kidole gumba?"

Nimeona kidole cha pili kimezidi dole kubwa. Hapo nimejiona mwenyewe. Sikulia, ni gundi tu, huwa inawasha macho.

Na huo utulivu ni wa kwetu. Marehemu baba alikuwa anaweza kukaa kwenye kiti tangu asubuhi usijue kama yupo au ni koti lake. Mtoto wa fundi anajua kupimwa. Usiruhusu kila mtu amshikeshike, watamharibia tabia.

Nitumie na wa kulia. Hakuna fundi anayeshona kwa mguu mmoja. Miguu ni ndugu, si mapacha, na huyu wa kulia asipopimwa atakuja kunilalamikia akiwa mkubwa. Ngozi nimeshachagua, ile laini ya ndani ya mgongo. Usimwambie msimamizi.

Fundi wako


22 Februari

Fundi wangu,

Wa kulia huo hapo, na usiniulize kwa nini unafanana na njia ya panya ghalani. Nimejaribu mpaka jasho likanitoka. Kalamu inagusa tu, yeye anatupa. Inagusa, anatupa. Nimemchora mara nyingi nikapata vidole vinane. Mwanao ana miguu miwili yenye tabia mbili, mmoja mhuni na mmoja mcha Mungu. Ule mcha Mungu umezidi hata kutulia tangu nilipokuandikia. Unakaa pale nilipouweka.

Sasa nisikilize kuhusu mama yako, maana nimechoka na wewe ndiye unayemjua. Jana alinikuta nambadilisha nepi, mtoto akapiga ukelele. Akasema, "Mtoto huyu ana mguu."

Nikamwambia, "Mama, ana miwili."

Hakucheka. Akaniambia nimemtegua wakati wa kumwogesha. Ati mguu wa kushoto anaulaza nje umekunjwa kama wa chura, ati paja lile limejaa kuliko la pili. Nikamwambia amenenepa, Mama, watoto wa kwetu hunenepa. Akasema, "Hunenepa paja moja?" Halafu akataka tumpeleke hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mtoto ananyonya, joto hana, nimpeleke nikamtafutie nini kule kwenye foleni ya wagonjwa? Kama si surua ni kifaduro. Na nikipita naye barabarani kwenda hospitali, unajua watakavyosema. Watasema tulijua tu, aliyengoja sana hupewa chenye kasoro. Mama yako akanitupia ule msemo wake wa mficha maradhi na kifo kumuumbua. Mimi sifichi kitu. Nimefunga mlango tu, kuna vumbi.

Na hizo kelele za nepi nimeshazipatia dawa. Namwinua upande wa kulia peke yake, wa kushoto nauacha ulipo, nasukuma kitambaa chini yake polepole kama mtu anayeweka barua chini ya mlango. Halii. Hakuna mama mtaani hapa anayefunga nepi kama mimi, mtoto hajui hata kama amefungwa.

Mwandikie mama yako aache. Wewe atakusikia.

Mimi, mama yake Bwana Mkubwa


1 Machi

Mke wangu,

Lori haliondoki mpaka wiki ijayo. Barua hii nimempa mtu wa kwanza niliyemwona anaelekea huko.

Mpeleke mtoto hospitali. Ukishasoma sentensi hii acha kusoma, mpeleke, utamalizia kwenye benchi.

Niliubandika mguu wa kulia kando ya wa kushoto. Mzee Kisigino akaja kuniazima msharasi wa kutobolea ngozi, akaiona yote miwili. Akavaa miwani. Akaniuliza, "Huu wa kushoto alichorwa amelala?"

Nikasema hapana, alikuwa macho, siku ile ile aliyomrushia mama yake kalamu.

"Sasa mbona mstari haujaruka?"

"Ni mtulivu, Mzee. Kwetu tuko hivyo."

Akasema, "Mtoto akitulia, hutulia mwili mzima. Mguu mmoja hautulii peke yake."

Nilitaka kumtania, lakini uso wake haukuwa wa utani. Akasema amechora miguu mingi ya watoto na hakuna aliyewahi kumwachia mstari kama ule, isipokuwa mmoja. Nikauliza ni nani. Akachukua msharasi akarudi mahali pake.

Msikilize mama. Nakuomba. Kama ni maneno ya watu nitakuja kuyabeba mimi.

Mumeo


2 Machi

Fundi wangu,

Usiisome hii kwa haraka halafu ukaanza kukimbia hovyo. Tuko hospitali kubwa. Tumekuja kuangaliwa tu, mama yako alisisitiza mno na mimi sikutaka ugomvi asubuhi.

Lazima nikueleze tulivyopokelewa. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, wengine wamekuja na mikeka. Muuguzi wa mlangoni alifungua ile shali, akamgusa mguu kidogo, akambeba yeye mwenyewe akapita naye mbele ya foleni nzima. Hakuna aliyenung'unika. Tulipitishwa kama wageni wa heshima! Na hatukupewa daktari mmoja, walikuja watatu, wote wakamzunguka. Nikamwambia yule mkubwa wao kwamba mtoto huyu kliniki walimsifia uzito. Akasema anaona.

Wamempiga picha ya mifupa, wamemtoa damu, wamemwekea mpira mwembamba wa dawa kichwani, wakamnyoa nywele upande. Bado mzuri. Kitanda chetu kiko dirishani, ndicho kizuri kuliko vyote. Daktari wa mifupa ni binti mdogo, nilidhani ni mwanafunzi, ana mikono midogo na hiyo nimeipenda kwa ajili ya mtoto. Amesema ataosha nyonga yake. Kuosha tu. Ndiyo wamemwingiza sasa hivi, na mimi nimeona nitumie nafasi hii nikuandikie maana nikiwa naye mkono hautulii.

Viatu endelea kushona. Naona umeshafika kwenye kisigino.

Mama yake


2 Machi

Mwanangu,

Mkeo ameandika ya kwake, mimi naandika ya kwangu, na zinakuja kwa mtu mmoja. Ya kwake sijaisoma lakini najua ilivyo. Anakuandikia kuhusu dirisha.

Leo asubuhi mtoto alikataa titi. Alikuwa na rangi ya majivu. Sikumsubiri mtu, nilimchukua mkononi mwa mama yake na kutoka naye, akanifuata bila viatu mpaka njia panda. Pale nikamvulia vyangu.

Daktari aliuliza, "Tangu lini hachezeshi mguu huu?"

Mkeo akasema, "Tangu jana."

Nikasema, "Daktari, tangu jana si kweli. Ni tangu kijipu kilipokauka, hata kabla ya ile homa, na mwezi umepita hapo." Mkeo aliniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Lakini yule binti alisimama. Alikuwa anaandika ameketi, akasimama. Akasema kwa mtoto mchanga vijidudu vinaweza kupanda damu kutoka kwenye kidonda kidogo vikaenda kukaa kwenye kiungo. Joto linaweza lisiwepo, mwingine anaweza kunyonya vizuri siku nyingi, kinachobaki ni mguu kukataa kusogea na kelele ukimgusa. Hawezi kusema nyonga inauma, kwa hiyo anauacha mguu palepale unapomuuma kidogo. Na dawa ya maji ya zahanati iliushusha moto bila kuuzima.

Akachoma sindano kwenye nyonga. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemshika. Kilichotoka kilikuwa kizito na rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyoharibika. Hakungoja majibu ya maabara. Alisema usaha ukiwa ndani ya kiungo cha mtoto wa umri huu, mfupa wenyewe bado laini, unaliwa. Lazima afungue leo, aoshe, halafu dawa za mshipa kwa wiki nyingi. Nikamuuliza atapona? Akasema, "Bibi, kwanza aishi."

Mkeo amekaa sakafuni mlangoni pa chumba cha upasuaji, ameikumbatia ile shali. Nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu mwaka ule alioingia nyumbani kwetu. Leo nimeyatafuta sikuyaona.

Njoo.

Mama yako


20 Aprili

Fundi wangu,

Umekuja, umekaa, umeondoka, na ninahesabu maneno uliyoniambia yanaenea kiganjani. "Amekula?" "Amelala?" "Nenda upumzike." Kwa mama yako ulisema zaidi. Hata yule mwanamke wa kitanda cha pili ulimtengenezea kandambili na mkacheka.

Nakuandikia mambo uliyoyakosa. Wametoa plasta. Ile plasta iliyomshika kiuno na miguu yote miwili imetanuliwa, uliyosema anafanana na fundi umeme aliyepanda nguzo. Hilo nilisahau kulihesabu, basi maneno yamezidi kiganja. Usaha umekauka, damu yake imesafika, mpira wa kichwani umetolewa na nywele zinarudi. Kaishi. Daktari alisema vile na muuguzi wa zamu akanikumbatia, nikaona wamemaliza.

Halafu binti akaniita chumba cha picha. Akaiweka juu ya taa. Akanionyesha nyonga ya kulia, mfupa una kichwa chake cha mviringo kinachoanza kujitokeza, kimekaa ndani ya kikombe chake. Akanionyesha ya kushoto. Pale penye kichwa pamebaki kitu kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Akasema mfupa hauna mahali pa kushika, umeanza kupanda juu, mguu utakuwa mfupi. Nikamuuliza kidogo? Akasema ataendelea kukua na mwenzake atamwacha nyuma. Nikamuuliza, ningekuja ile siku ya zahanati? Alizima taa ya picha kwanza. Akasema, "Siku zile za mwanzo huwa tunaokoa nyonga. Zikipita, tunaokoa mtoto." Sikumchukia. Nilitaka, sikuweza.

Mimi na mama yako tunapokezana kulala naye. Tumeacha kugombana na bado hatujazoea. Jana alinichana nywele.

Lakini wewe. Ile siku ya kuondoka ulikaa kando ya kitanda ukatoa kitu mfukoni kimefungwa kwenye gazeti. Ulidhani nimelala. Nilikuona ukivitazama. Viwili, vidogo, sawasawa. Ulivirudisha mfukoni ukabusu mguu wake wa kushoto juu ya plasta, kwenye kisigino, ukatoka.

Niandikie neno. La kunitukana pia nitalipokea, nimeshajitukana nikamaliza, naomba la mtu mwingine. Usinyamaze, baba mtoto. Kunyamaza kwako kunafanana na ule mguu.

Mkeo


29 Aprili

Mke wangu,

Sina tusi. Nimelitafuta, kila nililolishika lilikuwa na jina langu.

Nani alisema utulivu ule ni wa kwetu? Nani alikuambia asishikwe na watu? Barua hiyo unayo wewe na mwandiko ni wangu. Uliponiletea mguu unaoumwa niliubandika ukutani nikaita watu waje kuusifu. Kila asubuhi nikifika kazini niliusalimia. Mimi, ambaye kazi yangu ni miguu. Nilipokuwa hapo nilikaa kimya kwa sababu nilijua nikifungua mdomo litatoka hilo, na wewe ulikuwa huna nafasi ya kubeba na la kwangu.

Michoro ya miguu nimeibandua. Vile viatu nimevikata nyuzi, nimeifumua ngozi, imerudi kwenye rundo.

Mzee Kisigino aliniona nikifumua. Akavuta kigoda. Akaniambia yule mtoto mmoja, yule ambaye mstari wake haukuruka, alikuwa wake. Wa kwanza. Walimkanda, walimvuta mguu, walimfunga vijiti, kila mtu na ujuzi wake. Hawakumpeleka popote. Akaniuliza, "Wako anapumua?" Nikasema anapumua. Akasema, "Basi lete kazi, acha kufumua." Tukashona mabuti mpaka kengele.

Mguu mfupi unashonewa. Hilo nalijua kufanya. Soli ya upande mmoja huinuliwa, kipande juu ya kipande, na mtu anayeijua kazi yake huifanya isionekane kama mzigo. Lakini lazima asimame kwanza. Akisimama, niandikie.

Mwambie mama nimesikia kuhusu nywele.

Mumeo


11 Juni, mwaka uliofuata

Fundi wangu,

Keti. Weka msharasi chini usije ukajichoma. Amesimama!

Si kusimama tu, ametembea kutoka kwenye kabati mpaka magotini pa mama yako. Mama yako alipiga ukelele mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Anakwenda akizama upande mmoja na kuinuka, akizama na kuinuka, kama mtu anayevuka shimo dogo ambalo sisi wengine hatulioni. Mrembo usiseme. Meno saba. Kifua cha bondia. Kliniki hawajaona mtoto anayeongea mapema namna hii, na ukiwauliza watakuambia, mimi nimewauliza.

Sasa nikupe na lile lingine, maana tuliahidiana kutofichana. Akicheza sana, jioni hukaa chini ghafla, anashika paja na kunitazama. Hana jina la kuliita. Nampakata mpaka linapita. Daktari amesema huenda akifika umri wa shule watajaribu kumfanyia upasuaji mwingine, na huenda wakaona ni afadhali wamwache. Hakuahidi. Nilimwambia, "Binti yangu, niahidi hata uongo kidogo." Akanishika mkono akasema amezoea kuniambia ukweli na hataki kuanza tabia mpya.

Wale wa "Bado?" sasa wana swali jipya, wananiuliza mbona anachechemea. Nawaambia keti nikueleze, na nikianza sinyamazi, unanijua. Nawaeleza paja lililojaa upande mmoja, kelele za nepi, mguu uliolala nje kama wa chura, na mimi nilivyofunga mlango nikasema ni vumbi. Wengine wanajuta kuuliza. Lakini juzi yule wa mlango wa bluu alikuja mbio amembeba kichanga cha binti yake, kanga imeanguka njiani. "Mama Bwana Mkubwa, mtazame huyu, mbona mguu huu hautupi?" Sikuugusa. Tulitoka wote hivyo hivyo, mama yako mbele akifukuza watu njiani kama askari. Kufika, muuguzi akamlaza, akamfungua, na mtoto akamtupia teke la kidevu. Kumbe alikuwa ameulalia tu, umekufa ganzi. Muuguzi alitucheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia, "Cheka, mama. Cheka sana. Kila siku nitakuletea wa kukuchekesha."

Ndani ya bahasha kuna kibao chembamba. Daktari alimsimamisha mtoto, akawa anaweka vibao chini ya mguu wa kushoto, anaongeza, anapunguza, mikono yake iko kiunoni kwa mtoto, mpaka kiuno kikakaa sawa. Hicho ndicho alichobakiza. Nilimwomba anipe chenyewe, nisije nikaandika namba nikaipamba. Ndicho kipimo cha soli yako. Usikiongeze kwa huruma wala usikipunguze kwa aibu.

Na karatasi za miguu hizo hapo. Nimeharibu. Wa kulia unaujua tabia yake, mhuni ni mhuni. Ila nilipofika kwenye wa kushoto nilimwita mama yako aje amshike. Nikagusa kalamu kwenye kisigino. Akatupa. Nikagusa tena, akatupa, karatasi ikachanika hapo unapoona, na wino ukanirukia usoni. Yeye anacheka, mama yako analia, mimi sijui nilikuwa nafanya kipi.

Hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Zibandike zote mbili ukutani, na kila anayepita umwonyeshe.

Mimi, mama yake Bwana Mkubwa